Siku Tano za Kinyozi Haiumi

Mtaani hapakuwa na mtu aliyelijua jina lake la kuzaliwa, na mwenyewe hakujisumbua kulitangaza. Watoto walimwita Haiumi, wazazi wao wakafuata. Jina lilitoka kinywani mwake. Mtoto akipandishwa kwenye kiti na kuanza kutoa macho kwa mlio wa mashine, kinyozi alimwinamia sikioni akamwambia, "Haiumi, haiumi, tumemaliza." Hapo ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Mtoto akifurukuta, ilifuata, "Bado kidogo tu, sasa hivi." Hapo nusu ya kichwa ilikuwa haijaguswa. Mpaka mtoto atanabahi kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia, kichwa kiko safi na peremende iko mdomoni. Hakuna kinyozi aliyejua kunyoa watoto kumshinda, na tusifichane, hakuna aliyejua kuwadanganya kumshinda.

Siri ilikuwa sauti. Ilikuwa ya chini, laini, haina haraka, na alikuwa ameinoa kwa miaka kumi na miwili pamoja na nyembe zake. Hata watu wazima wanaoogopa chuma shingoni waliisikia wakasinzia. Mwenyewe hakuiona kuwa ni uongo. Aliiona kuwa ni sehemu ya kazi, kama spiriti na poda.

Alikuwa na binti mmoja, miaka minne, ambaye wateja walimpa cheo cha Bosi. Bosi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa duka akiwapanga watu foleni. "Wewe subiri. Huyu kwanza." Na wanaume wenye ndevu zao walisubiri. Alikuwa pale kila siku tangu mama yake alipopata nafasi ya kusomea ukunga katika mji ulio mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari. Masomo ni ya mwaka mmoja na nusu. Mume na mke walikubaliana kwamba nafasi kama hiyo haibishi hodi mara mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa tano.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja duka likiwa limejaa. Mwenye duka, mtu mzima asiyependa kupandisha sauti, aligeuka akamkuta Bosi nyuma ya kochi ameshika wembe, anamnyoa mdoli wake. Kidole gumba kilikuwa kinatoka damu na mtoto hakuwa na habari. Alikuwa amemwinamia mdoli sikioni: "Haiumi, haiumi, tumemaliza."

Mwenye duka aliutoa wembe taratibu, akafunga kidole kwa pamba, kisha akamvuta kinyozi pembeni.

"Mwanangu, hili ni duka la nyembe. Leo kidole, kesho je?"

"Nitakuwa mwangalifu, mzee."

"Huwezi kuangalia vichwa vya watu na vidole vyake kwa wakati mmoja. Nakupa wiki moja. Wiki ikiisha, nikimwona hapa, nyote wawili mtafute kiti kwingine."

Na tuseme kweli, mzee hakukosea.

Chekechea iliyokuwa na nafasi ilikuwa mitaa minne kutoka dukani. Ilikuwa nyumba ya kawaida iliyopakwa rangi ya kijani, ina geti la chuma na bembea mbili. Mwalimu alikuwa mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na funguo nyingi zilizolia kila alipotembea. Hakuwa mkali, lakini hakupenda kuzungushwa.

"Nimebakiwa na nafasi moja," alisema, "na kuna wazazi watatu wanaisubiri. Nampa kila mtoto siku tano za kuzoea. Ijumaa akikaa mpaka saa nane mchana, nafasi ni yake. Akishindwa, nampigia anayefuata. Usinione mbaya, baba. Nina watoto ishirini na mikono miwili."

"Huyu wangu hana shida, mwalimu. Anaongoza duka zima."

Mwalimu alimtazama Bosi, akamtazama baba, akaandika kitu kwenye daftari.

Jumatatu ilianza vizuri mno. Bosi aliiona bembea, akaikubali. Aliona viatu vya wenzake vimepangwa ukutani, akavipanga upya. Haiumi alisubiri mpaka mtoto amegeuza mgongo, kisha akamwinamia sikioni kwa ile sauti yake: "Baba anakuja sasa hivi. Bado kidogo tu." Akapita ubavuni mwa mwalimu, akateleza nje ya geti. Alijisifu kimoyomoyo. Alikuwa hajafika kwenye kona aliposikia kilio ambacho hakuhitaji kuuliza ni cha nani. Akakaza mwendo.

Saa nne simu ililia kwenye rafu ya dukani. "Baba, njoo umchukue."

Alimkuta getini, vidole vimeng'ang'ania nondo, sauti imekauka, nguo zimelowa.  Mtoto alimshika shingoni akamkaba kiasi kwamba kinyozi alivuta pumzi kwa shida mpaka nyumbani.

Jumanne alinunua begi lenye maua na chupa ya maji yenye mrija. Simu ililia saa tatu na nusu. Jumatano Bosi alianza kulia angali kitandani. Alishika fremu ya mlango, ikabidi baba amwondoe kidole kimoja kimoja, na alipofika getini alishika shati la baba hadi kifungo kikaruka. Simu ililia saa tatu kamili. Siku zilikuwa zinakwenda mbele, saa zinarudi nyuma.

Dukani kila mtu alikuwa mtaalamu wa malezi. Mmoja alisema mtoto achapwe kidogo, mwingine kwamba machozi hayajawahi kumuua mtu. Kinyozi wa kiti cha pili, ambaye hakuwa na hata paka wa kumlea, alicheka mpaka mashine ikamtetemeka mkononi. "Watoto wa mji mzima anawatuliza, wa kwake kamshinda! Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi."

Haiumi alicheka nao. Ndani alikuwa anaungua.  Mwenye duka alikuwa anatazama kalenda ukutani, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno.

Jioni ile mke wake alipiga simu. Bosi aliposikia mlio tu, alizama chini ya meza kama kawaida yake. Ulikuwa mwezi wa tatu sasa hataki kuongea na mama yake kwenye simu, na baba alikuwa amejipa jibu kwamba watoto ndivyo walivyo.

"Shule inaendaje?" mke aliuliza.

"Vizuri tu. Anazoea taratibu. Hakuna shida kabisa."

 Mke akasema, "Usininyoe, mume wangu. Hiyo sauti naijua. Niambie."

Akamwambia. Alimweleza mambo ya geti, kifungo, wembe na wiki ya mwenye duka. Alipomaliza alisikia mke wake akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Basi," alisema, "Ijumaa akishindwa, Jumamosi napanda gari. Narudi."

"Na masomo?"

"Masomo yatasubiri."

Wote wawili walijua kwamba hayatasubiri. Pale chuoni pia palikuwa na orodha, na watu waliokuwa wanaomba mtu mmoja tu aanguke. Haiumi alikata simu akabaki ameishika. Mpaka hapo alikuwa anaogopa kupoteza kiti. Sasa alijua kwamba kwa siku mbili zilizobaki, mtoto wa miaka minne alikuwa amebeba kazi ya baba yake na masomo ya mama yake, na hata hajui kufunga kamba za viatu.

Alhamisi asubuhi alipiga magoti kumfungia hizo kamba. Mtoto alikuwa ametulia, na utulivu ule ulimtisha kuliko kelele za jana. Akaiweka sauti yake sawa, laini, ya chini.

"Leo utakaa vizuri, Bosi wangu. Baba anakwenda kidogo tu, anakuja sasa hivi."

Bosi alimtazama. "Kama mama?"

"Mama kafanyaje?"

"Ulisema mama anakuja sasa hivi."

Kamba ilimponyoka mkononi.

Alikumbuka. Alfajiri ile, miezi mitano nyuma, mke wake alitaka kumwamsha mtoto amuage. Yeye ndiye aliyemzuia. "Mwache alale, atalia bure, nitamwambia mwenyewe." Na mtoto alipoamka, akatafuta chumbani, akatafuta jikoni, baba alimwinamia sikioni akamwambia maneno yale yale anayowaambia watoto wa wenzake. Yalifanya kazi. Mtoto alinyamaza. Siku ya pili aliuliza tena, akajibiwa hivyo hivyo. Siku ya nne akaacha kuuliza, na baba akamshukuru Mungu kwamba amezoea. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na Bosi alikuwa ametia maji kweli kweli. Alikuwa amekaa kwenye kigoda siku zote zile akiangalia watoto wakiambiwa tumemaliza ilhali ndiyo kwanza wanaanza. Aliijua kazi ya baba yake kuliko mwanafunzi yeyote wa kinyozi. Kumbe kila asubuhi ya wiki hii, baba alipomwambia anarudi sasa hivi, mtoto alikuwa amesikia kwamba baba naye anaondoka kwa miezi mitano.

Walitembea mpaka getini. Hapo baba akakaa chini. Mwalimu alitoka na funguo zake, akawakuta wamekaa ukingoni mwa barabara, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, nyuso zimefanana.

"Haingii?"

Kinyozi alisimama, akasogea naye hatua chache, akamweleza kwa kunong'ona. Alitegemea kuonewa huruma. Hakuonewa.

"Basi mwambie ukweli."

"Atalia, mwalimu."

"Amelia siku tatu mfululizo, baba. Unaogopa asije akafanya nini?"

 Anayeogopa kilio hakuwa mtoto. Kinyozi huyu alikuwa mtu wa kutuliza. Mtu akilia mbele yake alijiona ameshindwa kazi, na kwa ajili ya kuukimbia mlio wa mtoto alikuwa tayari kusema lolote. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imeishia kwenye geti la kijani.

Alirudi akakaa. Alijikohoza mara mbili kuitoa ile sauti kooni.

"Bosi, mama haji sasa hivi. Nilisema uongo."

Mtoto hakugeuka.

"Mama yuko mbali, anasoma. Anajifunza kupokea watoto wachanga. Alitaka kukuaga, mimi nikamkataza. Kosa ni langu, si la mama. Mama hajakukimbia."

"Anakuja lini?"

Hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa miaka minne unamwambia nini, mwezi wa kumi? Alifikiri, akapata njia ambayo pengine ni mtoto wa kinyozi tu angeielewa.

"Unamjua yule babu wa Jumamosi, mwenye kipara, anayekuja kuchonga ndevu tu?"

"Anayenipa karanga."

"Huyo. Akija mara kumi na nne, ndipo mama anakuja likizo. Atakaa kidogo, halafu ataondoka tena. Na safari hiyo atakuaga."

Bosi alihesabu vidole vyake vyote kumi, vikaisha. Akauvuta mkono wa baba, akahesabu vinne juu yake. Aliviangalia vidole vile vyote. Ni vingi. Kisha akalia, na hakikuwa kile kilio cha getini. Hiki kilitoka chini kabisa, cha mtu aliyeletewa habari. Akampiga baba yake kifuani kwa ngumi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Haiumi hakusema nyamaza. Maneno yote aliyoyajua yalikuwa yamemjaa mdomoni, akayameza moja moja. Watu walipita wakiwatazama. Ilichukua muda mrefu, na kwake ulikuwa mrefu zaidi.

Mtoto alipoishiwa pumzi aliuliza, "Na wewe?"

"Mimi nikikuacha hapa naenda kazini. Si kidogo, ni muda mrefu. Utalia. Halafu mtacheza, mtakula, mtalala, mtaamka, mtavaa viatu. Ukishavaa viatu, mimi nipo getini."

"Kweli, au ya kwenye kiti?"

"Kweli."

Siku hiyo hawakuingia. Walirudi nyumbani wakalala mchana kutwa kama wagonjwa. Mwenye duka alipiga simu mara tatu, na mara ya tatu alisema tu, "Kesho ufike, na ukae mpaka jioni." Ilibaki siku moja.

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa getini. Bosi alishika begi lake kwa mikono miwili.

"Baba, itauma?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Miaka kumi na miwili ya mazoea ililisukuma. Alifunga mdomo, akaufungua upya.

"Itauma. Mwanzoni itauma sana. Halafu itapungua."

Mtoto alilichunguza jibu lile kama anavyochunguza karanga kabla ya kuila. Kisha akampa mwalimu mkono, na midomo ikaanza kutetemeka. Baba hakuteleza ubavuni safari hii. Alimpungia akiwa amemtazama, akamwambia, "Sasa naondoka," akaondoka, na kilio kikamfuata mpaka kwenye kona, mpaka barabara ya pili. Alitembea akiwa amekunja ngumi.

Aliweka simu kwenye rafu, mbele ya kioo, ili aione kila anapoinua macho. Saa tatu ikafika, simu iko kimya. Saa tatu na nusu. Saa nne jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni na feni inazunguka. Saa nne na robo aliingiwa na wazo kwamba simu imekufa, akamwomba kinyozi wa kiti cha pili amjaribishie. Ilipolia aliruka, kitana kikaanguka, mteja akashika sikio lake kuhakikisha lipo.

"Nzima," alisema kinyozi wa pili, na safari hii hakucheka.

Saa tano. Saa sita. Ukimya nao una namna yake ya kutesa. Alimwona mtoto ameanguka kwenye bembea. Alimwona amelia mpaka amezirai, mwalimu anaogopa kupiga. Vichwa vilipita mikononi mwake asijue ni vya nani.

Saa saba na nusu mwenye duka alimkalisha kwenye kiti chake bwana mmoja mnene mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. "Huyu ana usaili saa tisa, ofisi ya hapo mbele. Mtengeneze avutie." Haiumi alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano za kazi, kumi za njia. Inatosha. Alianza upande wa kushoto, akapandisha mpaka juu, akashuka. Upande wa kushoto ulikuwa umeiva, wa kulia uko kichaka vile vile, wakati mashine ilipoguna mara moja ikanyamaza. Feni ikapungua mwendo, ikasimama.

Umeme ulikuwa umekatika.

Duka zima liliguna. Mashine ya kuchaji ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita. Walisubiri dakika kama nane, umeme haukurudi. Bwana mnene alijitazama kwenye kioo, upande huu mtu wa ofisini, upande ule mtu aliyetoka porini, akashika mikono ya kiti.

"Fundi. Hii inakuwaje?"

Na ile sauti ikaja yenyewe, laini, haina haraka. "Usiwe na wasiwasi, bwana, umeme unarudi sasa..."

Akajisikia. Akanyamaza katikati ya neno.

Saa ilisema nane kasoro dakika kumi na mbili.

"Kusema kweli sijui utarudi lini," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, hata yeye hakuizoea. "Naweza kukumalizia kwa mkasi na wembe, ni nusu saa. Lakini saa nane mwanangu anavaa viatu, na nimemwahidi nitakuwepo. Nimeshamdanganya sana. Leo siwezi. Nikitoka sasa, narudi baada ya dakika ishirini na kitu, nakumalizia."

"Na mimi saa tisa niko ofisini na kichwa hiki?"

"Ndiyo maana naondoka sasa hivi."

Mwenye duka alikuwa ameinuka. "Haiumi. Huwezi kumwacha mteja nusu kichwa. Mimi nitamtuma mtu akamchukue mtoto."

"Sikumwambia atakuja mtu, mzee. Nilimwambia nitakuja mimi."

"Ukivuka mlango huo..."

Mzee hakumalizia, lakini hapakuwa na mtu asiyejua mwisho wa sentensi ile. Haiumi alipanga mezani mkasi, wembe mpya, chupa ya maji ya kupulizia, vya kumalizia akirudi.  Kama mtoto atavaa viatu asimwone, basi maneno yote ya jana, ya mama, ya babu wa Jumamosi, ya vidole kumi na vinne, yote yatakuwa ya kwenye kiti. Na hapo hakutakuwa na sauti duniani ya kuyarudisha.

"Shule yenyewe iko wapi?" aliuliza bwana mnene ghafla.

"Mitaa minne."

"Upande wa ofisi au upande wa sokoni?"

"Wa ofisi."

Bwana yule alisimama na shuka la kunyolea shingoni. "Basi twende. Nitafia hapa nasubiri umeme? Utanimalizia hukohuko."

Haiumi akabeba vifaa vyake, wakatoka mbio. Kinyozi mbele, mkasi mkononi. Nyuma yake mtu mnene wa nusu kichwa, shuka jeupe linapepea. Watu walisimama vibarazani. Kuna aliyepiga kelele, "Mkamateni huyo kinyozi!" na mwingine akauliza ni nani anayemkimbiza nani. Kwenye mtaa wa pili lori lilikuwa limeziba njia. Walipita kwa kubanana ukutani, tumbo la bwana mnene likachukua rangi yote ya ukuta. Kwenye mtaa wa tatu Haiumi alisikia kengele ya chekechea. Alikimbia kama ambavyo hajakimbia tangu utoto, na alikuwa anasema peke yake, kwa sauti, "Nakuja, nakuja, nakuja."

Geti lilikuwa wazi nusu. Watoto walikuwa wamekaa kwenye benchi refu wanavaa viatu. Wengine walishamaliza, mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele ya mmoja anamfungia.

Bosi alikuwa mwisho wa benchi. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, mguu usio wake. Cha pili alikuwa amekishika mkononi, anaangalia geti. Alimwona baba yake. Hakukimbia. Alikivaa kile kiatu cha pili kwanza, polepole, nacho kwenye mguu usio wake, kisha ndipo aliposimama.

Mwalimu aliinuka, funguo zikalia. "Alilia mpaka saa nne," alisema. "Nikamwuliza, nikupigie simu? Akakataa. Akasema, 'Baba ameshaniambia nitalia.' Amekula, amelala." Alivaa miwani yake, akamtazama kinyozi anayehema, akamtazama bwana mnene anayeegemea nguzo ya geti, akaivua. "Jumatatu saa mbili. Msichelewe."

Mtoto alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya baba yake, macho yamevimba, mikono kiunoni, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi.

"Baba, mimi nimeshalia. Wewe?"

Haiumi alitaka kujibu. Akahesabu siku nyuma. Tangu mke wake aondoke hakuwa amelia hata mara moja. Alikuwa na mtoto wa kutuliza, vichwa vya kunyoa, duka la kufungua. Akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfikia kidevuni.

"Mimi bado," alisema, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya watoto ishirini.

"Fundi," sauti ya bwana mnene ilitoka getini kwa upole, "ofisini ni saa tisa."

Bosi alimgeukia yule mtu mkubwa, akamnyooshea kidole mahali pa kukaa.

"Wewe subiri. Huyu kwanza."

Kisha akapanda benchi, akakaa kando ya baba yake, akaweka begi lenye maua mapajani.

"Haya, lia," akamwambia. "Mimi nakusubiri."